Redio ya Mama Ijumaa Ile

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Ijumaa, 14 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Athmani,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima wa mwili. Wa moyo najua bado. Wifi yangu Nargis hajambo? Kifua chake kimetulia? Mwambie ile dawa ya tangawizi na asali aliyoniuliza ni ile ile aliyokuwa akipika mama, ila asizidishe pilipili manga. Na wewe, umeanza kula? Nargis ameniarifu kwamba unashinda na chai kavu tangu asubuhi mpaka unapolala. Hilo si sawa, na sitalirembesha.

Sisi huku tu wazima. Mguu wa Ami Twahir umevimba tena, lakini anakwenda msikitini mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Dama bado yuko nami, kama alipokuwa akimtumikia mama. Nilimwambia aende kwao Kaloleni akapumzike, akasema atapumzikaje na vyombo vya Bi viko vile vile. Ukuta wa uani umepakwa chokaa. Mama alikuwa ameshaagiza chokaa yenyewe, nami sikuona sababu ya kuirudisha.

Vuli imechelewa. Joto ni kali, na kunguru wamezidi kuwa wakorofi hapa mtaani.

Uliniomba nikueleze alivyozikwa, kwa kuwa pasi yako ilikuwa uhamiaji na hukuweza kusafiri. Nakupa nilichokiona kwa macho yangu, na kwa lile nisiloliona nitakutajia aliyenieleza. Mama alifariki Jumapili alfajiri. Alikuwa anajiandaa kwa sala. Dama alisikia birika ikianguka, akamkuta ameketi chini, mgongo ukiegemea kitanda. Daktari alisema ni moyo. Hakuugua kabla ya hapo na hakulalamika. Nilimwosha mimi pamoja na Bi Mwanarusi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Aliswaliwa baada ya adhuhuri, akazikwa Kikowani karibu na baba. Ami Twahir ndiye aliyenieleza habari ya kaburini. Alisema udongo ulikuwa mkavu na watu walikuwa wengi.

Jioni ile ulipiga simu. Ulilia, kisha ukaniuliza swali moja tu: “Dada, Ijumaa alinisikia?” Nikakujibu kwamba sikuwako Ijumaa, nilikuwa Voi kikazi, ila nitauliza kisha nitakuandikia. Tangu hapo hujaniuliza tena, lakini Nargis ameniambia hujaingia studio tangu msiba, na kwamba umewaambia wakubwa zako watafute mtangazaji mwingine. Kwa hivyo najua swali bado liko pale pale.

Barua hii ndiyo jawabu. Nimekawia kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Ami Twahir aliponiona nikimketisha Dama na kumuuliza mambo kwa utaratibu, alicheka.

“We Mwanakuu, umefungua korti? Mwambie nduguyo alisikiwa, apate usingizi. Nani atakwenda Kikowani kuuliza?”

“Na akija kujua, Ami?”

“Atajulia wapi? Hiyo redio yenyewe yaweza kusema ilisikizwa na nani?”

Ami alikuwa anatania, lakini kwenye hilo la redio alisema kweli kabisa. Ndiyo maana lazima nianze na redio. Wewe unaujua upande wa kipaza sauti. Upande wa huku hujauona hata siku moja, maana dishi la kukusikilizia lilifungwa baada ya wewe kuondoka.

Unajua kwamba tangu arobaini ya baba ilipopita bila wewe kuonekana, mama hakupokea simu yako. Ukipiga yangu nikimpelekea, alikuwa akigeuza uso na kusema ana kazi. Ukaamini hataki kuisikia sauti yako. Sasa nikueleze jambo alilotuapisha sote tusikwambie, nasi tukaona ni haki yake.

Aliyemletea sauti yako ni Kamaludin, mwana wa Bi Mwanarusi. Alikuwa mwendesha kreni bandarini, na nyumba yao ilikuwa na dishi la kutazamia mpira. Siku moja alikuwa akibadilisha stesheni kwa rimoti akakuta idhaa yenu, na wewe uko hewani. Alikuja mbio mpaka kwetu bila hata kubisha hodi. “Mamangu, Athmani yuko kwetu anazungumza!” Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, “Mwache azungumze.” Akaendelea na mchele. Lakini kesho yake akamwita Kamaludin faragha, akamuuliza dishi kama lile hupatikanaje.

Kamaludin akaleta fundi wa Majengo aitwaye Jefwa. Hatukuwa na televisheni nzima, ile ya baba iliungua. Jefwa akasema haidhuru, kusikiliza hakuhitaji kioo. Akafunga dishi juu ya paa la saruji, akateremsha waya dirishani mpaka kwenye dikoda, kile king'amuzi, na dikoda akaiunganisha na spika moja ya mbao. Akaitia idhaa yenu kwenye namba moja, ili mama abonyeze kitufe kimoja tu.

Nilimuuliza Jefwa yote siku ile, na baadaye nikauliza wahandisi kwa ajili ya makala yangu ya gazeti. Kwa ufupi ni hivi. Ukisema neno huko Maskati, sauti yako hugeuzwa kuwa tarakimu, zikapelekwa kwenye dishi kubwa la kurushia nje ya mji. Dishi hilo huzirusha juu, kilomita elfu thelathini na sita hivi, mpaka kwenye setilaiti iliyo juu ya mstari wa ikweta. Setilaiti hiyo inazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, kwa hivyo kwetu sisi inaonekana imesimama pahali pamoja. Ndiyo sababu dishi hufungwa mara moja tu na halihangaiki kuifuata. Setilaiti huyapokea mawimbi yakiwa yamechoka, huyatia nguvu kwa umeme inaoupata juani, huyabadilisha masafa ili yasigongane na yale yanayopanda, kisha huyamwaga chini. Yakishuka hutandaa juu ya nchi nyingi kwa pamoja. Msikilizaji wa Maskati, wa Mombasa na wa Msumbiji wanapata kitu kimoja, kwa ubora mmoja. Safari yote ya kwenda juu na kurudi ni robo ya sekunde. Vyombo vya kufunga na kufungua tarakimu huongeza kuchelewa kidogo.

Unaikumbuka redio ya baba ya masafa mafupi? Tulikuwa tukizungusha kitufe, mtangazaji anazama na kuibuka, mara mluzi, mara Mrusi anaingia katikati ya habari. Hii ya setilaiti haina mambo hayo. Ama inasema safi kama mtu aliye chumbani, ama inanyamaza kabisa. Haina ada ya mwezi, na wala haili bando la simu. Wimbi moja linabeba stesheni nyingi, za Kurani, za habari, za taarabu, na dikoda inachagua. Inachotaka ni stima, na anga wazi mbele ya dishi. Basi.

Kwa kuwa Mombasa iko karibu na ikweta, dishi letu halijaegemea ukutani kama yale ya picha za Ulaya. Linatazama juu, kama sinia. Jefwa alilitoboa tundu chini ili lisijae maji ya mvua. Na msimu wa embe uliopita, Dama alipanda juu akaona sinia kubwa, safi, iko juani, haina kazi. Akatandaza embe za achari humo, za chumvi na pilipili, na kwa ajili ya kunguru akafunika leso mbichi iliyotoka kufuliwa.

Saa kumi ilipofika redio ikawa bubu. Mama akababaika. “Wamemfukuza kazi,” akasema. “Nalijua. Athmani ana ulimi mrefu.” Akamtuma Kamaludin kwa Jefwa. Jefwa akapanda, akakaa kidogo, akateremka anatafuna.

“Bi, hewani hakuna tatizo. Mtangazaji wenu amefunikwa leso.”

Dama akakasirika kwa aibu. “Kwani sauti ya mtu mzima yazuiwa na embe?”

“Si embe, dada. Ni maji. Mawimbi haya ni mafupi, urefu wake hauzidi upana wa vidole viwili. Yakikuta kitambaa kibichi yanaishia hapo hapo. Lakini achari imekolea, usiitupe.”

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwapo. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu baba alipokufa. Halafu akajifuta macho, akasema kwa ukali kwamba kuanzia siku hiyo asionekane mtu juu kule na ungo wala leso.

Nataka ujue alivyokuwa akikusikiliza. Baada ya sala ya alasiri alikuwa akitandika mkeka wake karibu na spika, mgongo kwenye ule ukuta tunaochangia na kina Bi Mwanarusi. Muziki wa kufungua kipindi ukianza, alisema neno moja tu: “Amekuya.” Kila siku. Dama akimtania, “Amekuja wapi, Bi? Mbona simwoni na chakula chake chaliwa na paka?” Mama alikuwa akiongeza sauti tu. Ulipotoa salamu, alikuwa akiitikia kwa sauti, “Wa aleikum salaam,” na maneno yote yanayofuata, kama mtu aliyegongewa mlango. Kisha hakusema tena mpaka mwisho. Kama ulikohoa, siku ile ile aliniambia nikuandikie usinywe maji baridi, lakini nisiseme ni yeye aliyeniagiza. Sasa unajua zilikotoka zile nasaha zangu za maji baridi.

Ramadhani nayo ilikuwa na vituko vyake. Idhaa yenu inaadhini magharibi ya Maskati wakati huku jua bado liko juu. Kamaludin alikuwa amekuja na sahani ya kaimati kutoka kwao, akasikia adhana, akanyoosha mkono kwenye tende. Mama akampiga kofi la mkono. “Weye! Hiyo magharibi ya Athmani. Yetu bado.” Kamaludin akasema, “Basi leo nafuturu naye, mamangu, asile peke yake.” Hakufuturu, lakini maneno hayo mama aliyarudia mwezi mzima.

Sasa nafika kwenye Ijumaa.

Uliniambia mwenyewe uliyoyasema siku ile, mwisho wa kipindi. Kwamba una mama Kibokoni, kwamba hukuja alipozikwa mume wake wala arobaini yake, kwamba hujui kama anakusikiliza, na kwamba unamwomba radhi mbele ya watu wote wanaosikiliza. Maneno hayo yalifika huku. Kinyozi mmoja wa Makadara aliyasikia, akaniambia alisimamisha wembe. Nesi mmoja wa Mpeketoni aliyasikia, naye ni mtu wa kutegemewa. Bwana mmoja wa Feri aliyekuwa akisubiri kuvuka Likoni aliyasikia kwenye duka la kutengeneza simu. Kwa hivyo hewani hapakuwa na hitilafu.

Nilianza na vyombo, kwa sababu ndivyo vilivyo rahisi kuhakikisha. Stima haikupotea Kibokoni siku hiyo. Mvua haikunyesha. Jefwa alikuja kwa ombi langu, akakuta dishi liko sawa, waya uko sawa, hapana leso wala embe. Lakini zaidi ya hapo chombo hakiwezi kutuambia kitu. Simu ukipiga, unajua kama imepokewa. Redio ya setilaiti haina njia ya kurudi. Dishi letu linapokea tu, halipeleki chochote juu. Setilaiti haijui nani yuko chini yake. Idhaa yenu haijui kama katika Kibokoni nzima spika moja imewashwa au mia. Mtu anaweza kukusikiliza kila siku ya Mungu nawe usijue. Anaweza pia kukosa siku moja, nawe usijue vile vile.

Kwa hivyo nilimuuliza Dama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani. Nilimuuliza mara ya kwanza, nikaacha zipite siku, nikamuuliza tena nikianzia mwisho. Maneno hayakubadilika.

Jumatano ya wiki ile Kamaludin alikuwa anatoka kazini kwa pikipiki, akagongwa na lori. Alizikwa Alhamisi. Habari hiyo uliipata baadaye, baada ya msiba wetu, na nadhani hukuweza hata kuibeba. Mama alishinda kwa Bi Mwanarusi siku zote mbili. Unajua desturi yetu. Jirani akifiwa, ngoma hakuna, redio hakuna, hata kupaza sauti uani hakuna, mpaka tanga lianuliwe na siku za maombolezo ziishe. Na hapa si jirani wa ng'ambo ya njia. Ni ukuta mmoja, na ndio ule ule mama aliokuwa akiuegemea.

Ijumaa mama alirudi kuswali alasiri nyumbani. Dama alikuwa amesahau msiba kwa muda, au tuseme mkono wake ulikuwa na mazoea. Akatandika mkeka, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

“Usifungue,” mama akasema.

“Bi, ni saa ya Athmani.”

“Najua saa ya Athmani. Usifungue. Leo hapana, wala kesho, mpaka kwa Mwanarusi waanue tanga.”

“Tutie sauti ndogo, Bi. Atasikia nani?”

“Atasikia Mwanarusi. Ukuta huu hauna siri. Mimi nimsikize mwanangu hapa, naye pale wake amsikize wapi?”

Dama anasema alisimama akiwa na kidole hewani. Akajaribu mara moja tena, kwa sababu alijua kipindi hicho ni nini kwa mama. Akasema, “Lakini Athmani, Bi…”

Mama akamjibu, “Athmani atakuya baada ya tanga. Kamaludin hayi tena.”

Hilo ndilo jawabu, ndugu yangu. Hapana. Hakukusikia. Redio ilikuwa imezimwa, na aliyekataa isiwashwe ni yeye mwenyewe, kwa ajili ya mama mwenzake. Uliposema yale maneno, spika ilikuwa kimya na mama alikuwa umbali wa mkono kutoka kwenye kitufe. Nimeiandika sentensi hii mara nyingi nikaifuta, na kila nilipojaribu kuipunguzia makali nikaona nakudanganya.

Kuna jambo jingine, nami nakupa kama nilivyopewa, bila kuliongezea. Dama hakuondoka chumbani. Anasema mama aliketi kwenye mkeka vile vile, tasbihi mkononi, akitazama saa ya ukutani. Ilipofika kumi barabara akasema, taratibu, “Amekuya.” Akangoja kidogo. Halafu akasema, “Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh.” Akarudi kwenye tasbihi yake. Dama alidhani Bi anaota. Nilimuuliza kama alikuwa na usingizi. Dama alisema hapana, macho yake yalikuwa makavu na wazi, na baada ya hapo alimtuma dukani akanunue sukari ya kupeleka msibani.

Hakuwako mtu aliyemsikia mama akisema amekuwia radhi. Neno hilo hakulitamka mbele ya Dama, wala mbele yangu nilipofika Jumamosi jioni. Siwezi kukuandikia kwamba alilitamka. Naweza kukuandikia hili tu, kwamba mtu aliyekuwa hapokei simu yako aliitikia salamu yako kila siku, na siku ambayo hakuweza kuisikia aliitikia pia.

Alikufa tanga la Kamaludin likiwa bado halijaanuliwa. Kwa hivyo zile siku za kimya za nyumba ya pili ziliungana na siku zetu, na spika ikakaa bila kusema kwa muda mrefu kuliko wakati wowote tangu Jefwa aifunge. Mimi sikuwa na haja nayo. Niliwaza hata kumpa Jefwa dikoda aichukue.

Baada ya kuanua tanga letu, siku moja alasiri Bi Mwanarusi alikuja. Tangu msiba wake alikuwa hajaanza kutoka. Amekonda, na buibui limemlegea mabegani. Nikadhani anahitaji kitu cha jikoni. Akapita mpaka chumbani kwa mama, akauangalia ukuta, akaketi sakafuni pale pale mama alipokuwa akiketi. Dama akakimbia kumtandikia mkeka.

“Mwanakuu, mwanangu,” akasema. “Mamako alizima hii kwa ajili yangu. Dama ameniambia. Ifungue.”

“Mama Kamal, si lazima.”

“Ifungue nimsikize. Huyu na wangu walifuturu pamoja.”

Nikafungua. Muziki wa kipindi ukaja, safi kama zamani. Kisha ikaja sauti ya mtu mwingine, kijana, anasoma kwa haraka. Bi Mwanarusi akasikiliza mpaka katikati. Akaniuliza, “Huyu nani?” Nikamwambia ni anayeshika nafasi yako. Akainuka kwa kushika ukuta, akasema, “Basi hajaja,” akarudi kwake.

Kesho yake akaja tena saa ile ile. Na kesho kutwa. Anaketi, anasikia kwamba si wewe, anainuka. Jana Dama alimwambia kwa ule utani wake, “Bi, huyu wa sasa naye ana sauti nzuri, mzoee tu.” Bi Mwanarusi akasema, “Ana haraka. Mtu mwenye haraka hana mama.” Dama akacheka, nami pia. Kisha kila mtu akatafuta kazi ya kufanya.

Hiyo ndiyo habari ya huku, na hiyo ndiyo sababu nimekuandikia yote. Sikuombi urudi studio kwa ajili yangu. Najua unaona uliongea na mashine, na ni kweli mashine haikukwambia neno, wala haitakwambia. Kwa hivyo nakwambia mimi. Saa kumi alasiri, saa zetu, yuko mtu ameketi kwenye mkeka wa mama.

Nargis msalimie sana, umwambie tasbihi ya mama na leso yake ya kisutu nimezifunga pamoja, nitakupeni mtakapokuja. Ami Twahir anakusalimu na anasema makaburi yote mawili yametengenezwa. Dama anakusalimu, anauliza kama Maskati kuna embe. Jefwa anakusalimu na amekataa malipo ya ile siku aliyokuja kukagua dishi. Bi Mwanarusi hakutuma salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe, utakapoanza wewe kusalimu hewani.

Mwenyezi Mungu awarehemu baba na mama, amrehemu Kamaludin, akupe subira na akurudishie hamu ya chakula. Amin.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokuumiza,

Mwanakuu